Kuzaliwa Chini ya Mirihi

Kwetu Kalamba, Makueni, watu walijua mimi ni mbishi kabla hawajajua jina langu. Nilimsahihisha mwalimu wa Sunday school kuhusu idadi ya wana wa Yakobo. Nilimwuliza mzee wa kijiji, mbele ya baraza, kwa nini yeye huja amechelewa halafu anatuhubiria kuhusu wakati. Mama alikuwa akisema "huyu ni mbishi" kwa ile sauti ya kusema "huyu ana pumu", na matibabu yalikuwa yale yale ya kila boma: kiboko, kununiwa, na maombi.

Susu, nyanya yangu mzaa mama, ndiye aliyejaribu dawa tofauti. Siku moja ya soko alinichukua pamoja na magunia yake ya pojo, akaniketisha kando ya mizani ya dalali, akaniambia kazi yangu leo ni moja tu: nibishe. Dalali huyo alikuwa na mazoea ya kukata kilo mbili kwa kila gunia, eti ni uzito wa gunia lenyewe. Nilimwambia alipime gunia likiwa tupu. Akacheka, akaangalia watu, watu hawakucheka. Gunia tupu lilipowekwa, mshale wa mizani haukusogea. Susu alilipwa kilo zake zote, na mimi nikanunuliwa mandazi manne. Nilikuwa na miaka tisa, na ilikuwa mara ya kwanza mdomo wangu kuleta kitu nyumbani.

Sikuelewa alichofanya hadi miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo mwaka wa pili. Karo ilichangia, mdomo pia ulichangia. Siku hizi naishi kwa kuandika makala za kulipwa moja moja, na nasoma vitu ambavyo hakuna mhadhiri aliyeniagiza. Ndivyo nilivyoangukia ukurasa wa Talmudi.

Talmudi ya Babeli ni mkusanyo wa mijadala ya marabi iliyochukua karne kadhaa, ikakusanywa huko inakoitwa Iraki leo, yapata miaka 1500 iliyopita. Kama unapenda ubishi, pale ni kwako. Hakuna anayesema jambo bila mwenzake kumpinga, na mara nyingi kesi inaachwa bila mshindi. Katika sehemu inayohusu Sabato, jani la 156, marabi wanajadili nyota. Je, siku na saa uliyozaliwa ndiyo inayokupa tabia? Mmoja anadai kwamba aliyezaliwa chini ya Mirihi, ile sayari nyekundu, atakuwa mwaga damu. Habari mbaya, ukimzaa mtoto kama huyo. Lakini Rabi Ashi anauliza: mwaga damu wa aina gani? Anataja kazi nne. Anaweza kuwa mganga wa kuumika damu. Anaweza kuwa mwizi. Anaweza kuwa mchinjaji. Au anaweza kuwa ngariba, yule anayetahiri watoto wa kiume na kuwaingiza katika agano la Ibrahimu.

Rudia hiyo orodha polepole. Nyota ni moja, mkono ni mmoja, kisu ni kimoja. Mmoja anaokoa wagonjwa, mwingine anakuvizia njiani usiku. Rabi mwingine, Rabba, anaingilia kati na kusema yeye mwenyewe alizaliwa chini ya Mirihi na hafanyi kazi yoyote kati ya hizo. Abaye anamjibu bila huruma: wewe ni hakimu, unaadhibu watu, kwa hivyo bado umo.

Ukigeuza jani unakutana na kisa cha mama mmoja. Wanajimu walimwambia mwanawe Nahman atakuwa mwizi. Mama hakumfukuza, wala hakujidanganya kwamba unabii ni uongo. Alimwambia asiache kichwa wazi kamwe, ili hofu ya Mungu imkalie, na aombe. Mtoto akakua, akawa rabi mkubwa. Siku moja ameketi chini ya mtende ambao si wake, anasoma, vazi likamteleza kichwani. Akainua macho, akaona tende, akapanda mti na kung'ata kichala kwa meno.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka yote hiyo ya elimu, na mwizi bado alikuwa ndani, anangoja upepo. Hicho kisa hakimfichi. Tabia haikufa. Ilikuwa imepewa kofia.

Karne nyingi baadaye, huko Vilna, Lithuania, mwanachuoni waliyemwita Gaoni wa Vilna (1720–1797) alilichukua tena lile suala la Mirihi. Alikuwa akifafanua ule mstari wa Mithali unaojulikana na kila mzazi wa Kikristo Kenya, ule wa kumlea mtoto katika njia impasayo. Sisi kwetu mstari huo huhubiriwa kama kibali cha kiboko. Gaoni aliusoma tofauti: njia inayotajwa ni njia ya mtoto mwenyewe, maumbile yake. Ukimlazimisha aende kinyume na maumbile, atakutii leo kwa sababu anakuogopa, na siku nira yako ikitoka shingoni ataondoka na kila ulichomfunza. Wa Mirihi mfundishe kuchinja kwa sheria au kutahiri, basi amepata njia. Sitaki umdhanie mlegevu, lakini. Gaoni huyo huyo alifundisha kwamba mtu anaishi ili avunje tabia mbovu ambazo bado hajazivunja. Alishika yote mawili: kuna la kuvunja, na kuna la kutafutia kazi.

Waliomfuata walitengeneza mbinu. Mwaka 1808 Menachem Mendel Lefin alichapisha kitabu cha kuihesabu nafsi kama mwenye duka anavyohesabu mauzo jioni. Mpango wake aliuazima kwa Mmarekani Benjamin Franklin: chagua sifa kumi na tatu, kila wiki ishughulikie moja, ukimaliza rudia, na kwa mizunguko minne mwaka umekwisha. Miaka ya 1840 Rabi Israel Salanter aliligeuza jambo hilo kuwa vuguvugu, lililoitwa Musari, yaani malezi ya tabia. Hakutaka libaki kwa wasomi tu. Alitaka mfanyabiashara pia aketi ajihesabu.

Sasa, Lithuania ni mbali na Makueni. Mbale si mbali sana.

Semei Kakungulu alizaliwa Koki, Uganda, yapata 1869. Kama Mirihi ina watoto, yeye alikuwa kifungua mimba. Alikuwa mwindaji wa ndovu, kisha jemadari upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vya Buganda. Mwaka 1899 alikuwa katika msafara uliowakamata wafalme wawili, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Halafu akageukia mashariki na bunduki zake, akateka nchi kwa niaba ya Waingereza, akijenga ngome moja baada ya nyingine. Mji wa Mbale alianzisha yeye. Alitarajia Waingereza wamtambue kama mfalme wa huko. Wakampa ardhi, vyeo vya muda na ahadi, kisha wakampunguza kidogo kidogo.

Mtu kama huyo akivunjika moyo, unatarajia alewe au aanzishe vita. Kakungulu alisoma Biblia. Alijiunga kwanza na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali, kisha akaona hata hao hawalichukulii Agano la Kale kwa uzito. Walipomwambia tohara ni ya Wayahudi, jibu lake lilikuwa kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe. Mtu aliyeishi kwa kumwaga damu ya wengine aliingia agano kwa damu yake mwenyewe, akiwa na miaka hamsini hivi. Hakuwa amesoma jani la 156. Alikuwa na Biblia ya Kiganda tu.

Kinachonivutia ni kwamba hakubadilika. Ukaidi ulikuwa ule ule. Mkono wa kupanga jeshi ulikuwa ule ule: aliwakusanya wafuasi kwenye ardhi yake, na mwaka 1922 akawaandikia kitabu cha mwongozo kwa Kiganda. Alifariki 1928. Jumuiya yake, Abayudaya, ipo hadi leo kwenye vilima vya Mbale. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata daraja ya urabi mwaka 2008 baada ya kusomea Los Angeles. Ukaidi wa mzee uliwafaa wajukuu. Ila tusiposhe historia: watu wa mashariki mwa Uganda waliotekwa na bunduki zake wana hesabu yao naye, na tohara haikuifuta.

Nilipofika hapo ndipo nilipoona shimo katika orodha ya Rabi Ashi. Anataja kazi nne, lakini hasemi nani anamgawia mtoto kazi. Kakungulu alipokuwa akiteka nchi, ukali wake ulikuwa umeajiriwa na Waingereza. Alipouchukua mwenyewe, ndipo ulipojenga kitu kilichodumu.

Sisi Wakamba tunalijua hilo shimo. Wakoloni walikuwa na unajimu wao. Walitazama makabila wakaamua nani kazaliwa kulima na nani kazaliwa kupigana, na sisi tukapewa Mirihi: Mkamba ni askari wa asili, mtiifu, hachoki. Tukajazwa katika King's African Rifles na polisi kupita idadi yetu. Kabla ya hapo, ushupavu huo ulikuwa na kazi nyingine kabisa. Uliwinda ndovu kwa mishale ya sumu, ukaendesha misafara ya pembe hadi pwani. Kivoi wa Kitui alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa aina hiyo. Ni katika safari ya kwake, Desemba 1849, ndipo mmisionari Krapf alipouona Mlima Kenya akiwa Kitui. "Askari wa asili" haikuwa nyota. Ilikuwa nafasi ya kazi, na tangazo aliandika mwajiri.

Kama uko Nairobi, umepita Muindi Mbingu Street. Upande mmoja kuna City Market, na bucha zake. Huyo Muindi Mbingu anahusiana na nyama kweli. Mwaka 1938 serikali ilisema Wakamba wana ng'ombe kupita kiasi, udongo unaharibika, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa bei ya kutupa. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe. Mwezi Julai watu kama elfu mbili, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi, wakapiga kambi, wakakataa kuondoka mpaka gavana awasikilize. Wiki zikapita. Hawakuchoma kitu. Nidhamu na subira waliyosifiwa nayo kambini KAR, sasa ilikuwa imeketi chini mjini, na serikali haikujua ifanye nini nayo, hasa ikikumbuka askari wake wangapi walitoka vijiji hivyo hivyo. Gavana alilazimika kwenda Machakos kukutana nao. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukaachwa.

Kwa hivyo nikiambiwa na makocha wa mitandaoni "jua kipaji chako", huwa naona wamenifikisha nusu ya njia. Waingereza walijua kipaji chetu vizuri sana. Mwizi naye anajua kipaji chake. Wale marabi walienda mbele kidogo: jua ulicho nacho, usijidanganye kimeisha, kipe kazi ambayo unaweza kuitaja mbele za Mungu, na vaa kofia. Mimi ningeongeza swali la Mkamba: jioni, ukishajihesabu, angalia ni nani aliyekula faida.

Nami nimejihesabu. Chuoni ubishi wangu haukuwa na kazi. Nilibishana kushinda, nikashinda, nikabaki peke yangu, na kuna mtu mmoja niliyemwaibisha darasani ambaye hakustahili. Hiyo ilikuwa Mirihi bila kofia. Siku hizi najaribu kuutumia kama nilivyofundishwa sokoni, kando ya mizani, kwa ajili ya mtu mwenye gunia. Kuna wiki naweza. Kuna wiki naona tende za wenyewe.

Desemba iliyopita nilirudi Kalamba. Binti wa dada yangu, miaka saba, alimkatiza mgeni wetu katikati ya sala ya chakula kumwambia amelisahau jina la susu kwenye orodha ya wagonjwa. Meza ikanyamaza. "Huyu naye ni mbishi," mama akasema, kwa sauti ile ile ya pumu. Susu, ambaye macho yameshaanza kumuisha, aligeuza uso kuelekea sauti ya mtoto ilikotoka. Kisha akauliza siku ya soko ni lini.