Wali wa Zafarani wa Milan: Ulikotoka na Namna ya Kuupika kwa Halali



Mpwa wangu alirudi likizo kutoka masomoni Milan, Italia, akamkuta bibi yake ana siku tatu hali kitu kwa homa. Akaingia jikoni, akatoka na bakuli la wali laini wa manjano. Bibi akaonja. "Mbona haya ni mashendea, mjukuu wangu? Ila umetia zafarani badala ya nazi." Akamaliza bakuli zima. Ugomvi ulikuja baadaye, mmoja wetu aliposoma kwamba risoto hutiwa mvinyo. Kijana hakuwa ametia hata tone, lakini neno lilishatoka: chakula cha Wazungu hicho, si chetu.

Je, si chetu kweli? Tuanze na mchele wenyewe.

Asili ya mpunga huo ni Asia. Warumi wa kale waliujua mchele kama dawa ya tumbo iliyoagizwa kutoka mbali. Waliozoesha kilimo chake pande za Mediterania ya magharibi ni Waislamu. Waliingia Sicily mwaka 827, wakautwaa mji wa Palermo mwaka 831, na wakatawala huko zaidi ya miaka 200. Walikuja na elimu ya mifereji, na mazao kama ndimu, miwa na mpunga. Huko Andalus, Ibn al-Awwam wa Seville aliandika katika karne ya 12 kitabu kikubwa cha kilimo, na mpunga umo. Mpaka leo Mhispania huuita mchele arroz, kutokana na Kiarabu ar-ruzz. Na Mwitaliano akitaka zafarani dukani husema zafferano. Hapo hatuhitaji mkalimani!

Kaskazini mwa Italia mpunga ulishika katika karne ya 15, kwenye bonde la mto Po, ambako maji ya milima ya Alps ni mengi. Mwaka 1475 mtawala wa Milan, Galeazzo Maria Sforza, alimwahidi mtawala wa Ferrara magunia 12 ya mchele. Ilikuwa zawadi ya wakubwa.

Lakini waliouotesha hawakuwa wakubwa. Kwa vizazi vingi palizi ya mashamba yale ilifanywa na wanawake maskini, walioitwa mondine. Waliinama kutwa ndani ya maji, miguu ikinyonywa na ruba, na malaria ikiwamaliza. Mwaka 1906 wafanyakazi wa mpunga wa Vercelli waligoma kudai kazi isizidi saa nane kwa siku. Binafsi nikiona picha za kina mama wale nawakumbuka wanawake wa majaruba ya kwetu, mgongo ule ule.

Sasa turudi jikoni. Mchele wa risoto ni mnene na mfupi, kama Arborio au Carnaroli. Tofauti na pilau, usiuoshe, kwani wanga wake ndio unaoleta ule ulaini. Kaanga kitunguu kwa siagi bila kukiunguza, tia mchele ukaange mpaka upate moto, kisha tia supu ya moto upawa mmoja mmoja, ukikoroga kwa mwiko kila ukitia. Dakika 18 hivi zinatosha. Zafarani iloweke kwenye supu kidogo, uimimine karibu na mwisho. Epua, ndipo utie siagi na jibini iliyokunwa.

Mvinyo unatiwa kwa ajili ya uchachu tu. Kamua ndimu kidogo, basi. Wanaosema pombe yote huruka motoni wanakosea, sehemu yake hubaki. Wamilan hutia pia uboho wa mfupa wa ng'ombe, nao hauna tatizo akiwa amechinjwa kisheria. Jibini ndiyo ya kuuliza: Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumboni mwa ndama, na wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ndama asiyechinjwa kisheria. Mwenye kutaka kujitoa kwenye shaka anunue jibini iliyogandishwa kwa kimeng'enya kisicho cha mnyama.

Uliwe hapo hapo, kwani ukipoa hugandamana. Kiporo chake watu wa Milan hukibandika kwenye kikaango chenye siagi kama chapati nene, mpaka kikauke na kushika rangi pande zote mbili. Bibi ameshaagiza cha kwake kiwekwe.