Benzi kuukuu na mteremko wa Marangu

Wiki hii siandiki siasa. Mliozoea kuja hapa kusoma habari za bunge na za wakubwa mtanisamehe, ingawa wakubwa nao watapita humu kidogo, maana huwezi kuandika habari za Mercedes-Benz Tanzania bila kukutana nao njiani. Leo naandika breki. Breki za benzi kuukuu, zile za pembe nne za miaka ya sabini na themanini ambazo mpaka leo ukikaa Moshi mjini karibu na mzunguko wa YMCA utaziona zikipita taratibu, rangi imepauka, dereva mzee kavaa kofia na koti hata kama jua linawaka.

Kwa nini breki? Kwa sababu Uchagani gari haliulizwi kama linapanda. Kila gari litapanda, hata kwa gia namba moja na watoto wakilisukuma. Swali ni kama litashuka.

Tupige hesabu kidogo, wale mliokimbia fizikia vumilieni. Lango la Marangu la kuingilia mlimani liko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Moshi na Himo ziko chini ya mita 1,000. Tuseme unashuka mita 900. Gari pamoja na watu watano na mkungu wa ndizi kwenye buti, tuseme kilo 1,800. Nguvu yote ya kimo kile lazima iishie mahali, na kama dereva hatumii gia, sehemu kubwa inaishia kwenye breki ikiwa joto. Ukiigeuza kuwa maji ya chai, joto hilo linatosha kuchemsha karibu lita 45 za maji ya baridi. Ndoo mbili kubwa na kitu juu yake! Yote hayo yanamiminwa kwenye vipande vichache vya chuma vyenye ukubwa wa sahani. Ndio maana ukifika Himo njia panda mwezi wa kumi na mbili, Wachagga wakiwa wamerudi nyumbani na magari ya Dar, unasikia ile harufu ya kuungua.

Cha kuchekesha ni kwamba gari la kwanza la ukoo huu lilipata shida ileile. Mwaka 1888 (mwaka mmoja kabla Hans Meyer hajafika kileleni Kilimanjaro) Bertha Benz, mke wa Karl Benz, aliondoka Mannheim na wanawe wawili bila kumuaga mumewe, akaendesha zaidi ya kilomita 100 mpaka Pforzheim. Kwenye miteremko breki za mbao zikalika. Mama yule akatafuta fundi viatu kijijini, akamwambia apigilie ngozi kwenye vipande vya breki. Kwa hiyo breki pedi ya kwanza duniani iliwekwa na fundi viatu barabarani. Fundi wa Pasua au Majengo anayekata mpira wa tairi kutengeneza kitu kingine asidharauliwe, yuko kwenye mstari mrefu.

Baadaye mambo yakakua. Mmarekani Malcolm Loughead akaleta breki za kusukumwa na mafuta, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ikaziweka kwenye magurudumu yote manne ya gari lake la kifahari. Halafu zikaja diski. Jaguar walishinda mbio za Le Mans mwaka 1953 wakiwa na diski, wakati Mercedes bado walikuwa wanaamini dramu. Mwaka 1955 Mercedes wakaenda Le Mans na gari lenye dramu pamoja na bati kubwa nyuma linaloinuka kama bawa ili hewa isaidie kupunguza mwendo. Mike Hawthorn wa Jaguar akakanyaga breki kali ili aingie kituoni, gari la nyuma yake likamkwepa, na Mercedes ya Pierre Levegh ikaligonga na kurukia watazamaji. Walikufa watu zaidi ya 80. Sababu za ajali ile zinabishaniwa mpaka leo, lakini somo moja halibishaniwi: magari yenye breki za nguvu tofauti yakiwa kwenye njia moja, wa nyuma ndiye anayelipa. Muulize dereva yeyote wa daladala la Kibosho. Miaka ya mwanzo ya 1960 Mercedes wakaanza kuweka diski kwenye magari yao ya kawaida, na mwaka 1978 wakawa wa kwanza, wakishirikiana na Bosch, kuuza ABS ya kielektroniki ya kisasa kwenye S-Class.

Sasa turudi nyumbani.

Uhuru ulipopatikana lilizaliwa kabila jipya Afrika Mashariki: Wabenzi. Halina kijiji wala mila, lina nyota tatu pembe kwenye boneti. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha. Benzi ya serikali haikukatazwa, ikaendelea kuwa usafiri wa mkubwa. Mimi naona hapo ndipo benzi ilipopata heshima yake ya ajabu nchini: kwa mtu wa kawaida lilikuwa gari ambalo pesa peke yake haikutosha kulipata.

Milimani pesa ilikuwepo. Kahawa ilikuwa imewapa Wachagga ushirika wao tangu KNPA ya 1925 na KNCU ya 1933, shule, mabati, barabara. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 bei ya kahawa duniani ikapaa. Lakini mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa na mpaka wa Kenya ukafungwa, 1978 Idi Amin akavamia Kagera. Baada ya vita fedha za kigeni hazikuwepo. Sabuni ilikuwa dili, sasa niambie mpira wa breki wa benzi ungetoka wapi?

Hapa ndipo historia inaingia ndani ya masta silinda. Gari lililonunuliwa jipya mwaka 1977 liliishi miaka yake ya ujana bila spea. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. Wataalamu wanashauri kubadilisha kila miaka miwili hivi. Kwenye uhaba, nani alibadilisha? Mafuta yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedeli inazama mpaka chini, hakuna kitu. Ukisimama nusu saa yakapoa breki zinarudi kama hazijawahi kukusaliti, na fundi asiyejua anakwambia mzee gari lako zima. Mbaya zaidi ni mtu kukosa mafuta ya breki akaweka oili ya injini. Mpira wa breki na oili ya madini haviivani: mpira unavimba, unalainika kama andazi, na mfumo mzima unakufa.

Tena kuna tabia ya kuweka gari frii na kuzima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta, ambayo wazee wanasema ilishika mizizi enzi zile za mgawo. Nitaielezea hatari yake sasa hivi kwa mfano wa nyumbani kwetu.

Mwaka 1984, kwenye bajeti ya Juni, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya (marehemu sasa, mwana wa Mwanga, mkoa wetu huuhuu) aliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana zimetoka wapi. Spea zikaanza kuonekana. Ushirika nao ukarudi. Na benzi zilizochoka za serikali na za mashirika zikaanza kuangukia mikononi mwa walimu wakuu, wafanyabiashara na wastaafu.

Mmoja wao ni baba yangu mkubwa. Ana 240D, ya dizeli, ile ambayo Wajerumani waliifanya teksi. Desemba moja, siku mbili kabla ya kipaimara cha mjukuu wake, pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Gari linasimama, ila mpaka ukanyage kwa miguu miwili. Mzee ana miaka zaidi ya sabini na goti bovu, na Jumapili alipanga kushuka Marangu mpaka Moshi na bibi mmoja, mama wawili na watoto. Ukoo ukagawanyika. Wengine wakasema tukodi Noah. Yeye akasema hajawahi kukodi gari akiwa na gari.

Fundi wa kwanza akasema masta silinda imekufa, tuagize Arusha. Mimi nilishika tochi tu. Ila hata kwa akili ya kawaida maelezo yake hayakukaa sawa: masta silinda ikichoka, kawaida pedeli huzama taratibu ukiikanyaga na kuishikilia, haiwi ngumu. Pedeli ikibonyea kama sponji, kuna upepo. Gari likivuta upande mmoja, angalia kalipa iliyoganda au mpira wa breki ulioziba kwa ndani. Usukani ukitetemeka ukikanyaga, diski hazilingani unene. Pedeli ngumu ni habari ya busta.

Akaitwa fundi mzee kutoka Mwika. Hakushika spana. Baada ya salamu akauliza swali moja.

“Mzee, siku hizi ukitoa ufunguo gari linazima?”

Baba mkubwa akasita. “Linachelewa. Jana nililizima kwa kubonyeza ile STOP kule kwenye injini.”

“Na milango?”

“Ukifunga wa dereva mingine haifungi. Lakini hiyo ni milango, bwana, mimi nina shida ya breki!”

Fundi akacheka. Injini ya petroli hujivutia hewa yenyewe, na mvuto ule ndio unaosaidia busta. Dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo benzi hizi zina pampu ndogo inayozungushwa na injini kazi yake kufyonza hewa. Pampu hiyohiyo moja inasaidia breki, inafunga milango, na inazima injini ukitoa ufunguo. Ikifa, vyote vitatu vinaumwa pamoja. Mzee alikuwa na dalili tatu akazihesabu kama magonjwa matatu. Na hapo mtaona ubaya wa kuzima injini mteremkoni: pampu inasimama, akiba ya busta inakwisha ukikanyaga mara mbili tatu, na uko juu ya daraja na tani moja na nusu ya chuma.

Alifanya kipimo ambacho yeyote kati yenu anaweza kufanya. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano sita mpaka iwe ngumu, usiondoe mguu, washa gari. Pedeli inapaswa kuzama kidogo. Haikuzama hata nukta. Akafungua pampu, ngozi ya mpira ndani imepasuka. Uzee tu, ina zaidi ya miaka thelathini. Pampu iliyotumika ikapatikana Arusha Jumamosi jioni, akaifunga kwa mwanga wa tochi, akarudia kipimo mara tatu huku mzee akihesabu kwa sauti. Jumapili walishuka kwa gia namba mbili mpaka Himo. Bibi alilala njia nzima.

Wenzangu wa mjini mnaocheka magari ya babu zenu, msicheke sana. E-Class iliyotoka mwaka 2002, ambayo sasa inauzwa bei ya kawaida kabisa, ililetwa na breki za kompyuta: mguu wako unatuma taarifa, mashine ndiyo inayokanyaga. Mwaka 2004 magari 680,000 yakaitwa kiwandani kwa sababu ya mfumo huo, 2005 yakaitwa mengine, na 2006 ukaondolewa kwenye E-Class. Ukishindwa, breki zinabaki za magurudumu ya mbele tu kwa nguvu ya mguu wako. Fundi asiyejua kuulaza mfumo kabla ya kubadilisha pedi anaweza kubanwa vidole, maana unaweza kujikanyaga wenyewe.

Halafu Juni 2022 Mercedes wakaita tena magari karibu milioni moja duniani, ML, GL na R-Class yaliyotengenezwa kati ya 2004 na 2015. Tatizo ni kutu kwenye busta, inayojificha chini ya mpira uliolizunguka. Wito wa namna hiyo hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana. Gari lililopita mikono mitatu nje ya nchi kabla ya kushushwa bandarini, barua yake inaweza kuwa imeishia mlangoni kwa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo kama unayo ML ya miaka hiyo, peleka namba ya chesisi kwa wakala aiangalie, na kama ukikanyaga breki unasikia sauti ya upepo kama tairi linalovuja, egesha hapohapo, hata kama umebakiza kona mbili kufika Himo.