Papai Lililopimwa na Nukta Iliyovuka Mstari

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, kwenye ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Victoria, Rais John Magufuli alilieleza taifa jambo lisilo la kawaida. Sampuli za papai, fenesi, mbuzi, kondoo, kware na hata oili ya gari zilikuwa zimepelekwa kwa siri katika Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam, zikiwa zimepewa majina na umri wa watu. Papai, mbuzi na kware, alisema, vilikutwa na virusi vya korona. Siku iliyofuata, mkurugenzi wa maabara na meneja wa udhibiti ubora walisimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na kamati ya wataalamu ikaundwa.

Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Mimi nilibaki na swali ambalo naona bado halijajadiliwa ipasavyo: jibu la namna hiyo husomwaje?

Nianze kwa kutenda haki. Kuipelekea maabara sampuli ambayo mpelekaji anajua jibu lake ni desturi ya heshima katika taaluma hii. Kila maabara makini hujipima hivyo kila siku. Kwa hiyo kuuliza swali lile kulikuwa halali. Ugumu huanza jibu linaporudi.

Sanaa ya kulisoma jibu hilo ina historia. Mwaka 1924, Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika kampuni ya vifaa vya simu nchini Marekani, alibuni chati ya kutenganisha kuyumba kwa kawaida na kuyumba kwenye sababu. Mwaka 1950, Levey na Jennings waliingiza chati hiyo katika maabara za hospitali. Mwaka 1981, James Westgard na wenzake waliandika kanuni za kuisoma, nazo hutumika hadi leo.

Tuchukue mfano wa sukari ya damu. Maabara ina kidhibiti, yaani sampuli inayojulikana, chenye wastani wa milimoli 5.5 kwa lita na mchepuko sanifu wa 0.2, ambao ni kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kuuzunguka wastani. Majibu mengi yataangukia kati ya 5.1 na 5.9. Hata hivyo, takriban jibu 1 kati ya 20 litavuka mipaka hiyo ingawa hakuna kilichoharibika. Hivyo 6.0 moja ni onyo: chunguza. Jibu la 6.2 limevuka michepuko mitatu: simamisha majibu ya wagonjwa. Nukta mbili mfululizo zikivuka michepuko miwili upande uleule, kuna kitu kimehama, pengine kitendanishi kimechacha. Nukta kumi mfululizo zikiwa juu ya wastani, hata kama hakuna iliyovuka mpaka, mashine inapotoka polepole.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha afya kando ya ziwa ambacho sitakitaja, nilioneshwa chati ya siku 60 isiyo na nukta hata moja iliyovuka michepuko miwili. Niliisifu. Mteknolojia kijana akasubiri mkubwa wake atoke, kisha akaniambia kwa upole: “Mwalimu, ikikataa tunairudia mpaka ikubali. Nukta ikitoka nje, swali la kwanza ni nani alikuwa zamu.” Baadaye nilipiga hesabu: katika siku 60, nukta kama tatu zilipaswa kutoka nje kwa bahati tu. Usafi wa chati ile ndio uliopaswa kunishtua.

Je, gharama ya usafi wa namna hiyo ni ipi? Mwanza yenyewe inatupa kipimo. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na washirika wake kutoka London na shirika la AMREF, walifuatilia jamii 12 za mkoa huu, zikiwemo za mwambao na visiwani. Walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya kungepunguza maambukizi mapya ya UKIMWI. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika miaka miwili, takriban watu 12 kati ya 1,000 walipata maambukizi katika jamii zilizopata huduma hiyo, dhidi ya 19 katika zile ambazo zilikuwa bado hazijaipata. Dunia nzima ilisikiliza.

Sasa chukulia kwamba maabara ingekosea kidogo tu, ikimwita mwathirika mtu 1 kati ya kila 100 wasio na virusi. Ile 12 ingesomeka 22, na 19 ingesomeka 29. Pungufu la zaidi ya theluthi moja lingeonekana kuwa la robo tu, na wengi wangeliona ni bahati nasibu. Tofauti ya watu saba katika elfu huonekana pale tu ambapo nukta mbaya huonwa, huandikwa na kutafutiwa chanzo.

Turudi kwenye papai. Mwanamaabara angelisoma kama kidhibiti kilichoshindwa, na angekuwa na maswali kwa mpangilio. Je, maji safi yaliyopimwa sambamba nayo yalionesha virusi? Kama ndiyo, uchafuzi umeingia. Je, sampuli zilichafuliwa zilipochukuliwa au njiani? Je, kipimo kiliwahi kuthibitishwa kwa kitu kingine zaidi ya makamasi ya binadamu? Je, zikirudiwa katika maabara nyingine, jibu ni lilelile? Kisha hurekebisha, hupima upya, na hutoa majibu. Hatua hiyo ya mwisho ni sehemu ya kanuni kama zile zilizotangulia: majibu huzuiliwa ili yarudi yakiwa sahihi.

Sisi tulizuia, lakini hatukurudisha. Idadi ya wagonjwa 509 ilibaki kwenye jedwali za Shirika la Afya Duniani kwa zaidi ya mwaka, hadi katikati ya 2021, huku watu wakizika ndugu zao bila kujua wimbi liko wapi. Nukta mbaya iligeuzwa kuwa hukumu juu ya namba zote.

Yule kijana wa zamu anatuhusu sote tunaoandaa taarifa: za mavuno, za ufaulu, za samaki wa ziwa hili. Mkubwa anapouliza kwanza “nani?” badala ya “kwa nini?”, wadogo hujifunza kurudia mpaka ikubali. Ndugu msomaji uliye ofisini, taarifa iliyo mezani kwako leo ina nukta ngapi nje ya mstari? Kama hakuna hata moja, anza kuuliza hapo.