Chusa, Kiboko na Jangili: Uwindaji wa Mtumbwini chini ya Nyanda za Mufindi

Igowole ni mji mdogo wa wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, katika nchi ya baridi, ya ukungu na ya mashamba ya chai. Vijito vya huko ni vyembamba, vyenye mawe na maporomoko, wala havimfai mwenye kafi. Kwa hiyo yeyote aulizaye habari za uwindaji katika nyanda hizo huambiwa habari za watu waendao kwa miguu. Lakini upande wa mashariki nchi hiyo hukatika, ikateremka kwa genge refu mpaka bonde la Kilombero. Na huko chini, katika maji yale yale yaliyoshuka kutoka juu, palikuwa na uwindaji wa namna nyingine kabisa, yaani kumwinda kiboko kwa mtumbwi na chusa. Makala haya yanakusudia kueleza uwindaji huo, na kuonyesha jinsi historia yake ilivyohifadhiwa katika maneno matatu ya Kiswahili: chusa, kiboko na jangili.

Mto Kilombero, ambao katika vitabu vya zamani huitwa pia Ulanga, hulishwa na mito ya nyanda za juu kama Ruhudji, Mnyera, Mpanga na Kihansi. Baadaye huungana na Luwegu, na kutoka hapo maji huitwa Rufiji hadi baharini. Wakati wa masika bonde hufurika likawa kama ziwa. Wakati wa kiangazi maji hurudi katika mikondo na mabwawa. Wenyeji wa maji hayo ni Wandamba, watu wa uvuvi na mitumbwi. Katika karne ya 19 baadhi ya Wabena waliteremka kutoka nyanda za juu wakawatawala, wakaitwa Wabena wa mitoni. Habari za watawala hao zimeandikwa na A. T. Culwick na G. M. Culwick katika kitabu cha mwaka 1935, ambacho ndani yake mna sura ya Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Na kabla ya hapo, mwaka 1926, A. G. O. Hodgson alikuwa amekwisha kuandika juu ya desturi za uwindaji za Wandamba. Jambo la kuangaliwa ni hili: mtu wa mlimani aliweza kumiliki bonde kwa mkuki, lakini hakuweza kuvuka maji yake pasi na mwenye mtumbwi.

Ili kufahamu kazi ya mwindaji hapana budi kumfahamu mnyama. Kiboko dume huweza kufikia uzito wa kilo 1,500 na zaidi. Ngozi yake ni nene sana, na meno yake ya chonge huweza kuikata mitumbwi. Mchana hukaa majini, usiku hutoka kula majani, na mashamba ya mpunga yaliyo karibu na mto humpendeza kuliko majani ya porini. Ijapokuwa ni mnyama wa maji, haogelei kama samaki. Hutembea juu ya sakafu ya mto, na kila baada ya dakika chache hana budi kuinuka kuvuta pumzi. Udhaifu wake ni huo. Mwindaji hakutegemea kumwua kwa pigo moja, bali alitafuta njia ya kujua mahali alipo mnyama asiyeonekana, na ya kumchosha.

Njia hiyo ilikuwa chusa. Chusa si mkuki. Mkuki huua kwa kuingia na kutoka. Chusa huingia kikakaa. Chuma chake kina ulimi wa kukamata nyama, nacho hutiwa katika mpini bila kukazwa, kikafungwa kwa kamba ndefu. Mnyama akichomwa na kuzama, chuma hutoka katika mpini, kamba hufunguka, na mpini wenyewe, au kigogo chepesi kilichofungwa mwishoni mwa kamba, hubaki juu ya maji. Kitu hicho ni chelezo, na jina lake latokana na kuelea. Aliye chini hujulikana kwa kitu kilicho juu. David na Charles Livingstone, katika kitabu chao cha mwaka 1865, waliwaeleza Waakombwi wa mto Zambezi, waliofanya kazi hii kuwa kazi ya ukoo. Mtumbwi wao ulikuwa mwepesi na wa mbio, nao wenyewe wawili wawili: mmoja akipiga kafi kimya kimya, mwingine akisimama mbele na chusa. Mnyama alipogeuka na kuuvunja mtumbwi, wawindaji walijitupa majini wakazama, kwa kuwa kiboko huwatafuta adui zake juu ya maji.

Ufundi huu haukuwa wa mto mmoja. Katika kaburi la Ti huko Saqqara, nchini Misri, lililojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, imechongwa picha ya watu walio katika mashua za mafunjo wakiwachoma viboko kwa vyusa vyenye kamba. Samuel Baker aliandika mwaka 1867 juu ya wawindaji wa vijito vya Nile waliomwendea mnyama huyo kwa kuogelea, na chelezo chao kilikuwa cha mti mwepesi. Hakuna haja ya kudai kwamba watu hao walifundishana. Mnyama yule yule na maji yale yale huweza kuwafundisha watu mbalimbali fundisho moja. Lakini yafaa kukumbuka kwamba katika mambo hayo yote chombo cha maana kilikuwa kamba, wala si chuma. Anayeandika kwamba uwindaji huu ulikuwa ushujaa tu amesahau nusu ya habari; ulikuwa elimu ya kungojea.

Sasa tazama jina la mnyama. Lugha nyingi za Kibantu zina neno la asili moja: Kizulu husema imvubu, Kinyarwanda imvubu, Kiganda envubu, Kichewa mvuu. Kiswahili kimefuata njia nyingine, kikasema kiboko. Na neno hilo hilo likawa jina la mjeledi uliokatwa katika ngozi yake. Sarufi huyatenga mambo mawili hayo. Husemwa kiboko amezama, lakini kiboko kimekatika. Viboko wale, lakini viboko vile. Mnyama akiwa hai hufuata upatanisho wa viumbe. Akichunwa na ngozi yake ikakaushwa, hurudi katika ngeli ya vitu. Ni machache majina ya Kiswahili yanayoonyesha kwa kiambishi kimoja safari ya mnyama kutoka mtoni mpaka mkononi mwa askari.

Na safari hiyo ina tarehe. Mwaka 1896 serikali ya Ujerumani ilitoa amri juu ya adhabu katika makoloni yake ya Afrika, ikaweka mapigo 25 kuwa kikomo cha adhabu moja ya viboko. Kumbukumbu yake ni maneno hamsa ishirini. Mwaka huo huo gavana Hermann von Wissmann alitoa sheria ya kuwahifadhi wanyama, akauweka uwindaji chini ya vibali. Basi katika mwaka mmoja dola ilitawala kiboko mara mbili: mnyama alitiwa katika daftari la vibali, na ngozi yake ikatiwa katika hesabu ya adhabu. Waingereza walifuata kwa sheria yao ya wanyama ya mwaka 1921. Ulinzi wa mashamba uliingia mikononi mwa askari wa bunduki wa Idara ya Wanyama. Mwenye chusa, aliyekuwa akilinda mpunga na kuwapa jirani nyama kwa tendo moja, hakuhesabiwa tena.

Hapo ndipo neno la tatu linapoingia. Kiswahili kilikuwa na majina ya heshima kwa mtu wa kazi hii: msasi, mwinda, mwindaji. Jangili ni neno la Kihindi, na maana yake ya asili ni mtu au kitu cha mwituni, kisichostaarabika. Kwa Kiswahili limekuwa jina la mtu awindaye kinyume cha sheria. Ajabu yake ni kwamba wenyeji wa bonde ndio walioitwa watu wa mwituni, na sheria iliyoletwa kutoka ng'ambo ndiyo iliyohesabiwa ustaarabu. Mtu hakubadili mtumbwi wala chusa wala mto. Kilichobadilika ni jina lake.

Haifai kutokana na hayo kudai kwamba hifadhi ni kosa. Bonde la Kilombero lilitiwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa mataifa yote, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa ile ya 1974, ina sababu zake. Wanyama waliokuwa wengi wamepungua, na bunduki si chusa: chusa kilidai watu wengi, kiangazi na subira, na kwa hiyo chenyewe kilikuwa na mpaka wake. Lakini kuhifadhi mnyama hakulazimishi kusahau elimu ya watu walioishi naye.

Kazi iliyobaki ni ya wanalugha. Majina ya sehemu za chusa, ya namna za kamba, ya mabwawa na ya mienendo ya mnyama huyo yamo katika Kindamba na katika lugha za jirani zake, nayo hufa pamoja na wazee. Kamusi itakayoandika jangili bila kumwandika msasi wa majini itakuwa imetoa hukumu pasi na kumsikiliza mshitakiwa. Maji ya Mufindi yangali yakiteremka kuelekea Rufiji. Na katika mto huo wa maneno, mtafiti naye hana budi kufanya kama wawindaji wale, akitazame chelezo kilicho juu ili apate kujua kilichozama.