Sindano ya kuondoa mikunjo ilitoka wapi? (Sehemu ya 4)

Juzi dada mmoja aliniandikia: "Nesi, kuna saluni wanachoma sindano ya kuondoa mikunjo usoni. Nikachome?"

Dada yangu, kabla sijakujibu, ngoja nikupe historia yake. Hiyo dawa ilianzia jikoni, tena ikiwa sumu.

Miaka ya 1820 kule Ujerumani, daktari Justinus Kerner aliandika kuhusu watu waliokula soseji zilizoharibika. Kope zinaanguka, chakula hakimezeki, mwisho pumzi inakata, na mgonjwa bado ana akili zake timamu. Mwaka 1895 huko Ubelgiji, wanamuziki waliotoka kupiga muziki msibani walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem akakipata kijidudu chenyewe. Mbegu zake zinakaa kwenye udongo, na kinatengeneza sumu pasipo na hewa. Sumu hiyo inazuia mshipa wa fahamu usiamrishe msuli, basi msuli unalegea.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Uingereza liliandika kuhusu watu wa hapo jirani Kenya waliopata sumu hii baada ya kula kumbikumbi. Ndiyo, kumbikumbi!

Sasa sumu iligeukaje dawa? Daktari Alan Scott wa San Francisco alifikiri hivi: kama inalegeza msuli, basi kiasi kidogo sana kinaweza kunyoosha jicho lenye makengeza. Marekani ikairuhusu kwa magonjwa ya macho mwaka 1989.

Huko Vancouver, Kanada, mwaka 1987, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa anamtibu mama ambaye kope zake zilikuwa zinajifumba zenyewe. Yule mama ndiye aliyegundua kwamba akichomwa karibu na nyusi, mikunjo inatulia. Jean akamweleza mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakaanza kuifanyia utafiti. Mwaka 2002 Marekani ikairuhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi. Ndiyo hiyo Botox. Na haikai: baada ya miezi 3 au 4 hivi, mikunjo inarudi.

Kwa hiyo dada, jibu langu ni hili: usichome saluni. Kinachotenganisha dawa na sumu hapa ni kipimo, na mkono wa anayechoma. Mwaka 2024 Marekani kwenyewe, wanawake 22 waliugua baada ya sindano za urembo, wengine wakiwa wamechomwa dawa bandia. Ukitaka kweli, nenda kwa daktari, na uliza kama dawa imesajiliwa na TMDA.

Na wewe mama mwenye kichanga, hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Mbegu za kijidudu hiki zinaweza kuwemo kwenye asali, hata ile safi ya kwetu. Mtu mzima haimdhuru, lakini utumbo wa mtoto hauwezi kuzizuia. Usimlambishe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata bibi akisisitiza. Ukiona mtoto hapati choo, ananyonya kwa unyonge, kilio kimefifia na shingo imelegea, usisubiri kesho. Mkimbize hospitali.

Sehemu ya 5: krimu za kung'arisha ngozi na zebaki, ile ile ya machimboni. Usiku mwema.