Picha za Filamu Pwani ya Afrika Mashariki: Kutoka Studio hadi Kamera ya Mkononi

Picha ya filamu hupatikana kwa kunasa mwanga juu ya utando mwembamba uliopakwa chumvi za fedha. Kwa takriban miaka mia moja, hadi kamera za dijitali zilipoenea mwanzoni mwa karne ya 21, hiyo ndiyo njia ambayo watu wa kawaida waliitumia kuweka kumbukumbu za harusi, watoto, safari na sikukuu zao. Ulaya na Marekani kamera iliingia majumbani mapema. Pwani ya Afrika Mashariki, kamera ilikaa muda mrefu mikononi mwa wenye studio na wapiga picha wa mitaani, na raha ya picha ikawa kwanza ya kupigwa, baadaye ndipo ikawa ya kupiga.

Enzi ya mabamba na vioo

Ufundi wa Louis Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839, na haikupita miaka kumi ukafika pwani. Charles Guillain, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alizunguka bandari za Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848. Picha zilizopigwa katika safari hiyo zilichorwa upya na kuchapishwa pamoja na maandishi yake. Zilikuwa picha za bamba la shaba lililopakwa fedha, na kila moja ilikuwa peke yake, haina nakala.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alileta njia ya kioo kilichopakwa kolodioni. Kioo kimoja sasa kiliweza kutoa nakala nyingi kwenye karatasi, lakini kilipaswa kupakwa, kupigwa na kusafishwa kabla hakijakauka. Mpiga picha aliyetoka nje alilazimika kubeba hema la giza, chupa za dawa na maji ya kutosha. Hata vioo vikavu vilipokuja, baada ya 1871, mzigo ulibaki kuwa mzito.

Kazi ya namna hiyo ilitaka mtu aliyetulia mahali pamoja. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, studio zilizopata jina Unguja zilikuwa za Wagoa, hasa ya A. C. Gomes na ile ya ndugu Coutinho. Wateja wao walikuwa masultani, matajiri wa biashara, maofisa na wasafiri. Picha za bandari, mitaa ya Mji Mkongwe na wakazi wake ziliuzwa pia kama postikadi, zikatumwa mbali na waliopigwa. Upande wa bara, William D. Young alipiga picha za ujenzi wa reli kutoka Mombasa. Katika enzi hiyo mtu wa kawaida alionekana mara nyingi kwenye picha, lakini ni nadra picha hiyo kuwa yake.

Sanduku la dola moja

Mabadiliko yalianzia Rochester, Marekani. Mwaka 1888 George Eastman alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Bei yake ilikuwa dola 25, na ndani yake mlikuwa na mkanda wa picha 100. Mkanda ulipokwisha, mwenye kamera aliirudisha nzima kiwandani pamoja na dola 10, akaletewa picha zake na kamera iliyojazwa upya. Kupiga na kusafisha, kazi mbili zilizokuwa za fundi mmoja, zikatengana. Mwaka uliofuata mkanda wa karatasi ulianza kuuachia nafasi mkanda angavu wa seluloidi, na filamu kama inavyojulikana leo ikapatikana.

Februari 1900 kampuni hiyo ilitoa Brownie, sanduku la makaratasi magumu lenye lenzi rahisi, kwa dola moja tu. Haikuwa na cha kurekebisha: mtu aligeuza mgongo kwa jua, akalishika sanduku kifuani na kubonyeza. Filamu ya namba 120, iliyotolewa mwaka 1901 kwa ajili ya Brownie iliyofuata, inatengenezwa hadi leo. Afrika Mashariki masanduku hayo yalikuwa kwanza ya maofisa, wamishonari, walowezi na wafanyabiashara, kisha yakapita mkono kwa mkono yakiwa kuukuu. Mohamed Amin, aliyekuja kujulikana duniani kwa picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984, alijifunza kazi kwa Box Brownie ya mitumba akiwa mvulana.

Hatua ya pili ilikuwa kuifanya kamera iwe ndogo bila kuharibu picha. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alichukua filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35 na kuilaza kwa ubavu, akapata picha ya milimita 24 kwa 36. Kamera yake, Leica, ilionyeshwa Leipzig mwaka 1925. Mwaka 1929 ikaja Rolleiflex yenye lenzi mbili, ambayo mpigaji huiinamia na kuitazama kutoka juu. Mwaka 1934 Kodak ikaanza kuuza filamu ya milimita 35 ndani ya kopo dogo linaloweza kupachikwa mchana kweupe. Kopo hilo, lenye picha 24 au 36, ndilo lililokuja kutawala. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani viliteka soko kwa kamera imara za bei nafuu, na majina kama Yashica, Canon, Pentax na Olympus yakazoeleka.

Miaka ya studio

Wakati kamera ndogo zikienea kwingineko, pwani studio ziliingia katika miaka yao bora. Ranchhod Oza, aliyekuwa amefanya kazi kwa Gomes, alianzisha Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na mwanawe akaiendeleza. Mombasa, katika miaka ya 1940, N. V. Parekh alifungua studio iliyopendwa na watu wa kila jamii ya mji huo. Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, alijulikana kuanzia miaka ya 1960 kwa kuunganisha negativu, hata sura ya mteja ikatokea katikati ya ua au mahali ambapo mtu hawezi kukaa.

Mteja alikwenda studio kwa sababu: Idi, uchumba, harusi, kazi mpya, safari ya Hija, au ndugu aliye mbali aliyetaka kuona mtoto amekuaje. Alivaa nguo zake bora, na kama hakuwa nazo, studio nyingine zilikuwa na koti na tai za kuazima. Nyuma yake lilining'inizwa pazia lililochorwa bustani au ngazi, na mkononi alipewa ua, redio au simu. Fundi ndiye aliyepanga taa, akamwinua kidevu na kumwambia aweke wapi mikono. Kazi iliendelea baada ya mteja kuondoka: negativu iliguswa kwa penseli iliyochongwa sana ili kuficha makovu na mikunjo, na picha nyeusi na nyeupe iliweza kupakwa rangi kwa mkono kwenye midomo, vito na kitambaa. Picha ya studio ilimwonyesha mtu jinsi alivyotaka aonekane, na hapo ndipo raha yake ilipokuwa.

Mtaani na kivukoni

Nje ya studio walikuwapo wapiga picha wa kamera za sanduku. Sanduku hilo lilikuwa kamera na chumba cha giza kwa pamoja. Fundi aliipiga picha moja kwa moja kwenye karatasi, akaingiza mkono kwenye soksi ya kitambaa na kuisafisha humo ndani. Karatasi hiyo, ambayo nyeupe yake ni nyeusi, aliiweka mbele ya lenzi na kuipiga tena, na mteja akaondoka na picha yake muda si mrefu. Njia hii ilifaa sana kwa picha za vitambulisho, kwani haikuhitaji filamu wala umeme.

Kamera za milimita 35 ziliposhuka bei, wapiga picha wa kutembea waliongezeka. Katika miaka ya 1990 kivuko cha Likoni, Mombasa, kilijaa vibanda vyao. Vilipambwa kwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya ghorofa, na msafiri aliyetoka bara kutafuta kazi alipata picha ya kuwapelekea wa nyumbani. Biashara hiyo ilikwenda kwa hesabu ya filamu. Mteja alitoa malipo ya awali, na mpiga picha hakupeleka mkanda kusafishwa mpaka nafasi zote 36 ziishe. Kwa hiyo picha moja iliweza kusubiriwa siku kadhaa, na kila bonyezo lilikuwa na gharama yake.

Filamu ilileta pia suala la sitara. Picha za wanawake wakiwa ndani ya sherehe zao hazikutakiwa kuonwa na wanaume wa nje, ilhali mkanda ulipita mikononi mwa mpigaji, msafishaji na mchapishaji, na yeyote kati yao aliweza kutoa nakala ya ziada. Ndiyo maana baadhi ya familia za Mombasa na Lamu zilipendelea wapiga picha wanawake.

Rangi na maabara za dukani

Filamu ya rangi ya Kodachrome ilitoka mwaka 1935, lakini usafishaji wake ulikuwa mgumu na ulihitaji maabara maalumu. Mambo yalirahisika mwaka 1972 kwa njia ya C-41, inayotumika hadi leo kwa negativu za rangi. Mwishoni mwa muongo huo zikaja mashine za kusafisha na kuchapisha zinazotosha ndani ya duka. Picha iliyosubiriwa wiki sasa ilichukuliwa siku ileile. Kamera nazo zilianza kujifanyia kazi: Konica ya 1977 ilijipima umbali yenyewe, na mwaka 1986 Fuji ikatoa kamera ya kutumia mara moja.

Hapo ndipo kamera ilipoingia nyumba nyingi za mijini, na albamu za familia zikajaa picha zisizo na pozi la studio: watoto uani, wageni sebuleni, keki ikikatwa. Studio zilibaki zikitegemea harusi na picha za paspoti. Kisha dijitali ikaziondolea hata maabara kazi. Kodak ilisitisha Kodachrome mwaka 2009, na Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Kurudi kwa filamu

Filamu haikufa. Mwaka 2018 Kodak ilirudisha Ektachrome sokoni, na mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17, inayogawa kila fremu mara mbili. Wengi wa wapenzi wa filamu, hata hivyo, hutumia kamera za zamani. Pentax K1000, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, huhitaji betri kwa ajili ya kipima mwanga tu. Olympus Trip 35 ya 1967 haihitaji betri kabisa, kwa kuwa kipimo chake huendeshwa na mwanga wenyewe. Hata kipima mwanga kikiharibika, kanuni ya wakongwe inatosha: kwenye jua kali, tundu la lenzi huwekwa namba 16, na kasi huwekwa karibu na namba ya filamu. Filamu ya 100 hupigwa kwa sehemu ya mia moja ya sekunde.

Adui mkubwa wa vifaa hivi pwani ni unyevu. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi, na filamu iliyowekwa kwenye joto huharibika kabla ya kutumiwa. Negativu pia hushikana na kuota madoa. Negativu ya nyeusi na nyeupe iliyosafishwa na kuoshwa vizuri hudumu kuliko ya rangi, na nakala yoyote inaweza kutolewa kwake upya. Kwa hiyo masanduku ya negativu yaliyobaki katika studio na nyumba za pwani yawekwe pakavu, yaandikwe majina na miaka, na yanakiliwe wakati wanaowatambua waliomo bado wapo.