Harufu ya kuro yageuzwa kinga ya ng'ombe

Kilomita chache kutoka mtaa wa Lucky Summer, jijini Nairobi, yapo makao makuu ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Wanasayansi wa kituo hicho, kilichoko Kasarani, wamegeuza kipawa cha mnyama wa porini kuwa kinga ya mifugo.

Mnyama huyo ni kuro. Huishi palipojaa mbung'o, lakini wadudu hao humwuma kwa nadra mno. Watafiti waligundua kwamba mwili wake hutoa harufu inayowafukuza. Waliichanganua, wakateua kemikali zake muhimu, wakazitia katika mikanda ya shingoni inayovishwa ng'ombe na kuzitoa polepole.

Mbung'o hueneza vimelea vya tripanosoma, vinavyosababisha nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Ng'ombe mwenye nagana hukonda, hupungukiwa na damu na maziwa, hushindwa kuvuta plau na, asipotibiwa, huweza kufa.

Katika majaribio ya Kwale, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2017, mikanda hiyo ilipunguza maambukizi kwa zaidi ya asilimia 80.

Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Nagana, hata hivyo, ingalipo, na baadhi ya vimelea vimekuwa sugu kwa dawa. Kwa mfugaji, basi, kumfukuza mbung'o kabla hajauma ni nafuu kuliko kutibu.